Kijiko cha Chai

Blenda si yangu. Ni ya Mama Nyanzala wa nyumba ya pili,
zawadi ya harusi ambayo haikufika.
Jagi lina ufa, kifuniko hushikiliwa kwa mkono,
na mlango wa jikoni hapa Isevya lazima uachwe wazi
mlio usije ukaturudia kama treni ya mizigo.

Papai nimelinunua jana jioni, la mwisho kwenye meza,
shingo bado kijani, tumbo limeiva.
Nalipasua, mbegu zinamwagika
nyeusi, zinateleza, kama goroli za gobore.
Ndizi mbili zilizoanza madoa: hizo ndizo tamu,
usidanganywe na ngozi.
Parachichi, robo. Mtindi wa yule kijana wa baiskeli
anayepiga kengele kabla jogoo hajamaliza hoja yake.
Karanga kiganja kimoja, bila chumvi,
maana chumvi nayo imo kwenye orodha.

Orodha iko ukutani, imebandikwa kwa uji wa muhogo.
Mwandiko wa nesi wa Kitete, wino wa bluu:
sukari, hapana. Soda, hapana.
Maandazi, hapana, kapigia mstari mara mbili
kama aliyemjua baba yangu tangu utotoni.
Na chini kabisa, asali: kijiko kimoja.
Cha chai.

Cha chai!
Kamwambie hivyo Lugendo wa Mihayo
aliyetundika mizinga mia na ishirini msitu wa Sikonge,
aliyekuwa akirudi na madebe, ndevu zinanata,
nyuki wafu kwenye mikunjo ya kofia,
na sisi watoto tukimlamba mikono hadi kiwikoni
kabla mama hajamruhusu kuingia ndani.

Nabonyeza. Mashine inanguruma, papai linapanda ukuta wa jagi,
linashuka, linapanda.
Kisha kimya.
Siyo kimya cha kumaliza. Kile cha taa, cha friji,
cha redio ya jirani iliyokatwa katikati ya bei za tumbaku.
Umeme umekwenda, na kifungua kinywa cha baba
ni nusu tunda, nusu ahadi.

Nasimama na mwiko. Natukana kwa sauti ndogo.
"Nani kafa?" anauliza kutoka sebuleni.
Blenda, nasema.
Anakuja akiuburuta ule mguu
wenye kidonda kisicho na haraka ya kupona,
anachungulia jagi:
"Huu ni uji uliopotea njia."
Halafu ananyoosha mkono nyuma ya mlango
na kukitoa kinu kidogo cha mama, cha kisamvu,
anakipangusa kwa pindo la shati.

Miaka minne kinu hicho hakijasema neno.
Anatwanga ameketi, mimi namimina kidogo kidogo,
tu, tu,
karanga zinaruka, ndizi inalegea,
tu,
namwambia apumzike, hapumziki.

Kinatoka kinywaji chenye mabonge
na harufu ya kisamvu kwa mbali sana,
labda naisikia mimi tu.
Nafungua chupa ya asali. Nachota,
nakikwangua kijiko ukingoni kisizidi,
naye ananitazama kama mtu anayehesabiwa chenji.
Habishi. Anakiomba kijiko.
Anakipeleka puani kwanza, macho kafumba.
"Muba," anasema. "Ya mwezi wa sita.
Aliyeirina alikuwa na haraka, moshi umeingia."

Anakizamisha mwenyewe kwenye glasi, anakoroga,
anakoroga,
anakunywa hadi chini, masharubu ya rangi ya papai.
Nageuka kuosha kinu, narudi:
kijiko kiko mezani, kikavu, kimelambwa,
kinang'aa kuliko siku nilipokinunua.

Saa nne umeme unarudi.
Nilisahau kuizima: blenda inanguruma peke yake,
jagi tupu, kwa ghadhabu yote.
Na baba, kutoka sebuleni:
"Huyo kafufuka. Mwambie tumeshakula."